Antena ya masafa ya kati: ichague kwa kelele inazozikataa

Anayekuja kibandani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, akitaka kusikia stesheni za mbali usiku huuliza antena ipi inavuta zaidi. Mimi humuuliza kwanza kwake kuna kelele gani na zinatoka upande gani. Kwenye masafa ya kati, haya ya AM yanayoanzia kilohezi 531 na kuishia 1602 kwa upande wetu wa dunia, kuvuta si kazi. Hata redio ndogo ya betri mbili inaweza kupokea mawimbi dhaifu sana. Kinachoishinda ni mkwaruzo uliolala juu ya mawimbi hayo, na antena ndefu zaidi huleta vyote viwili kwa kipimo kilekile. Sauti inakua, maneno yanabaki yamezama.

Kuna jaribio dogo la kuhakikisha. Chukua redio yenye tundu la antena ya nje, iweke mahali pasipo na stesheni, saa mbili usiku hivi, kisha chomoa waya wa antena. Mvumo ukishuka sana ulipochomoa, basi redio yako inasikia kelele za nje kuliko kelele zake yenyewe. Kuanzia hapo usitumie hata shilingi kuongeza nguvu. Pesa yote ipeleke kwenye kuzuia kelele. Waya wa mita chache tu unatosha kuivusha karibu kila redio kwenye jaribio hili, kwa sababu masafa ya kati yana kelele nyingi za asili na za binadamu kuliko masafa ya juu yake.

Zitafute kelele kabla ya kununua chochote

Anza ndani ya nyumba. Chaja za simu, taa za LED, king'amuzi, televisheni bapa, kidhibiti chaji cha sola: vyote hivi hukatakata umeme maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, na kila mkato hutoa mawimbi yanayojirudia kwa hatua sawa kuanzia mwanzo wa masafa hadi mwisho. Ukizungusha kitafutio ukakuta mvumo uleule unatokea, unapotea, unatokea tena kila baada ya kilohezi hamsini au sitini, huyo ni mtoto wa chaja au taa. Washa redio ya betri, iweke karibu na 600, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Rudia karibu na 1500. Kelele ikifa, ni ya kwako. Washa kimoja kimoja mpaka umjue mkosaji. Kazi hii haina gharama, na katika nyumba nyingi za mjini inaleta nafuu kuliko antena yoyote utakayoagiza.

Kelele ikibaki, toka nje. Ndani ya redio ya mkononi mna chuma cha feraiti, ambacho ndicho antena yake, kilicholala kwa urefu wa redio, na chuma hicho ni kiziwi upande wa ncha zake. Izungushe redio taratibu mpaka mvumo uwe mdogo kabisa. Hapo ncha za redio zinaelekea kwenye chanzo, ama mbele ama nyuma. Uweke mstari huo akilini, sogea hatua hamsini, fanya tena. Mistari inapokutana ndipo penye chanzo. Njia hii inapotosha ukiwa chini ya nyaya za umeme, kwa kuwa kelele hutembea na waya na kukuonyesha waya badala ya chanzo. Ondoka chini yake kwanza.

Kwa njia hiyo niliifuata kelele moja mpaka barazani kwa jirani. “Fundi, taa yangu imekukosea nini?” aliniuliza. Nikamwambia, “Shangazi, niazime kwa usiku mmoja, nitakufungia nyingine yenye mwanga uleule.” Taa ile ilipotoka, kilohezi zote juu ya 1200 zikatulia. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi huona aibu kugonga mlango. Gonga. Nenda na redio mkononi, mwache asikie mwenyewe, na uende na taa mbadala mfukoni.

Kelele za nguzo za umeme ni ngumu zaidi. Huku pwani chumvi ya bahari hujishika kwenye vikombe vya kaure vya nguzo, na umande ukishuka vinaanza kulia. Mvua kubwa ikinyesha vinaoshwa, kelele inapotea kwa siku kadhaa. Ukiiona tabia hiyo, usipande nguzo wala usiiguse. Andika namba ya nguzo, uripoti kwa wenye mtandao wa umeme, na wakati unasubiri tumia antena yenye upande kiziwi uelekee huko.

Kisha ziko za mbinguni. Mchana, mawimbi ya masafa ya kati hunyonywa na tabaka la chini la hewa lenye chaji, lile liitwalo D, ndiyo maana husikii Bombay saa saba mchana. Jua likizama tabaka hilo hutoweka na mawimbi hurudishwa ardhini na matabaka ya juu, yakifika maelfu ya kilomita. Lakini radi nazo ni mawimbi ya redio, na zinapita njia hiyohiyo. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumekaa mashariki mwa kiwanda kikubwa cha radi: bonde la Kongo. Kabare, Kivu Kusini, ndiko radi zinakopiga kwa wingi kuliko kwingine kokote Afrika kwa vipimo vya setilaiti. Ziwa Victoria nalo hupata ngurumo nyingi usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya maji. Ukichora mstari kwenye ramani kutoka Tanga, Kabare iko kwenye nyuzi 284 za dira na katikati ya Ziwa Victoria kwenye nyuzi 304 hivi. Magharibi na kaskazini magharibi, kwa maneno mengine. Namba hizi mbili ziandike. Ukiwa Mombasa au Unguja zitabadilika kidogo tu. Ukiwa Bujumbura umekaa karibu sana na ngurumo zenyewe, na hesabu yako ni tofauti kabisa.

Na stesheni tunazozitaka ziko wapi? Mimi hupenda upande wa Bahari ya Hindi. Rajkot, India, kwenye 1071, pana mtambo uliojengwa kwa kilowati 1,000. Kutoka Tanga ni kilomita 4,600 kwenye nyuzi 47. Oman iko kwenye nyuzi 36. Kote huko ni kaskazini mashariki, na njia ya India karibu yote ni maji ya chumvi, ambayo yanarudisha mawimbi vizuri kuliko nchi kavu. Tena India imetutangulia saa mbili na nusu: kwetu jua linapozama, kwao ni usiku tayari, kwa hiyo mawimbi yao yanaanza kufika kabla radi za magharibi hazijapata njia kamili ya giza. Saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja ndiyo saa yangu bora. Kusini magharibi kulikuwa na 909 ya Botswana, kilowati 600, iliyobeba Sauti ya Amerika kwa miaka mingi mpaka matangazo yale yalipositishwa mwaka 2025.

Nyumba ya mjini: kitanzi

Kwa anayekaa chumba cha kupanga au nyumba iliyobanana na nyingine, jibu langu ni kitanzi cha waya kinachozungushwa kwa mkono. Si ghali, hakihitaji paa, na kina kitu ambacho waya mrefu hauna: pande mbili ambazo ni kiziwi. Kitanzi husikia vizuri upande wa kingo zake na hakisikii upande wa uso wake. Ukingo uelekee stesheni, uso uelekee kelele. Hapo Tanga jiografia imetufadhili: kitanzi kikielekezwa India kwa nyuzi 47, nyuso zake zinatazama nyuzi 137 na 317, na Ziwa Victoria liko nyuzi 13 tu kutoka hiyo ya pili.

Hiki hapa ninachokitengeneza mwenyewe. Fungasha msalaba wa miti miwili mikavu. Mimi hutumia mti wa mkonge, ule unaochipuka katikati ya mkonge uliokomaa, kwa kuwa ni mwepesi na haupindi. Bomba la plastiki la maji nalo linafaa. Chuma hakifai. Pima ili pande za mraba ziwe sentimita 60, kisha zungusha waya mara 13 ukiacha milimita 6 kati ya mzunguko na mzunguko. Utatumia mita 31 hivi za waya. Waya wowote mwembamba uliovikwa plastiki unatosha, hata ule wa simu za zamani. Ncha mbili ziunge kwenye kondensa ya kuzungusha, ile ya kutafutia stesheni iliyotoka kwenye redio mbovu, yenye pikofaradi 365. Mafundi wa sokoni wanazo kwenye makopo yao. Ukipata yenye sehemu mbili ndogondogo, ziunge pamoja zijumlishane. Kwa vipimo hivi kitanzi kitatembea kutoka karibu na 540 mpaka mwisho wa masafa. Ukitaka kufika 531 kamili, ongeza mzunguko mmoja na utapoteza kidogo juu.

Redio ya mkononi haihitaji kuunganishwa kwa waya. Iweke karibu na kitanzi, chuma chake cha feraiti kiuelekee uso wa kitanzi kwa pembe mraba, kisha zungusha kondensa mpaka stesheni iruke juu. Hapo geuza kitanzi na redio pamoja, ukisikiliza kelele inavyozama. Usisikilize stesheni wakati unageuza, sikiliza kelele. Sehemu ambayo stesheni ni kubwa kabisa ni pana, unaweza kukosea nyuzi ishirini na usigundue. Sehemu ya ukiziwi ni nyembamba sana, nyuzi mbili tatu zinaamua kila kitu. Na ikibidi, ulaze kitanzi kidogo, maana kelele za nyaya mara nyingi haziji zikiwa zimesimama wima.

Dhidi ya chanzo cha karibu, kama taa ya jirani au nguzo, ukiziwi huo ni mkubwa, desibeli (kipimo cha tofauti ya nguvu) 20 mpaka 30 zinapatikana. Dhidi ya radi za mbali ni mdogo na unayumba, kwa kuwa mawimbi yanayoshuka kutoka angani yanakuja na pembe na mikao inayobadilika kila dakika. Pia radi haipigi mahali pamoja. Usitegemee miujiza hapo, tegemea nafuu.

Wapo watakaosema kitanzi kinapokea sumaku tu na kelele za mjini ni za umeme, kwa hiyo kitanzi hakizisikii. Sikubaliani na usemi huo ulivyo. Ukiwa mita chache kutoka kwenye chanzo, kelele inaweza kuwa ya sumaku vilevile, na kitanzi kitaipokea kikamilifu. Faida ya kweli ya kitanzi ni ukiziwi unaoweza kuuelekeza unakotaka, na kwamba hakihitaji waya wa ardhini unaoleta uchafu wa nyumba nzima ndani ya redio.

Vitanzi vyenye amplifaya

Siku hizi vipo vitanzi vya duara moja la chuma, kipenyo cha sentimita sitini hadi mita moja, vyenye amplifaya kwenye shina. MLA-30+ kutoka China ndicho wengi wanachoweza kumudu; wengine huagiza bodi za amplifaya peke yake na kujitengenezea duara la bomba la shaba. Havihitaji kuzungushiwa kondensa, na vinaweza kukaa mbali na nyumba. Hiyo ya mwisho ndiyo sababu kubwa ya kuvinunua. Kitanzi hakitaki kimo. Mita moja na nusu kutoka ardhini inatosha, kwa hiyo usikimbilie paani ambako nyaya za umeme za mtaa mzima zinapita. Kipeleke kona ya mwisho ya ua, chini ya mwembe, hata kama inaonekana pabaya. Nikiambiwa nichague kati ya amplifaya bora iliyofungwa ukutani na ya wastani iliyo mita ishirini kutoka nyumbani, nachukua ya pili bila kufikiri.

Usikilishe kitanzi cha aina hii kwa chaja ya simu. Utakuwa umefunga kelele kwenye antena yenyewe. Tumia betri, au kigeuza umeme cha zamani kile kizito chenye transfoma ya chuma. Na kama karibu nawe kuna mtambo wa redio wenye nguvu, amplifaya ya bei nafuu inaweza kulewa: utasikia stesheni moja imejitokeza mahali pengi pasipo pake. Punguza nguvu au tafuta amplifaya inayostahimili. Zile fimbo fupi zenye amplifaya zinazotangazwa kama antena ndogo za ajabu, mjini sizipendekezi. Zinategemea waya wake wa kuteremsha, ule unaotoka kwenye antena kwenda redioni, kama nusu ya pili ya antena, na waya huo unatoka moja kwa moja kwenye kelele za nyumbani kwako. Mashambani ni nzuri sana.

Ua mkubwa: bendera

Mwenye kiwanja cha mita kumi na tano kwa kumi anaweza kujenga antena yenye upande mmoja tu wa kiziwi, na upande huo ni mpana. Jamii hii ina majina mengi. K9AY ilitangazwa mwaka 1997 na ni kitanzi cha waya wa mita 26 hivi kinachoning'inia kwenye mlingoti mmoja. Mimi napenda ile ya umbo la bendera: mstatili wa waya, urefu mita 8.8 na kimo mita 4.3, ukingo wa chini ukiwa juu ya kichwa cha mtu. Katikati ya upande mmoja uliosimama unafunga resista (kipande kinachozuia umeme) ya omu 950 hivi, na katikati ya upande wa pili uliosimama unafunga transfoma ya kuteremsha kwenye waya wa redio. Haihitaji kuungwa na ardhi, jambo jema kwa wenye viwanja vya mawe ya matumbawe ambako fimbo haizami.

Zingatia mwelekeo wake: ukiziwi uko upande wa resista, na usikivu uko upande wa transfoma. Ukiifunga kinyume utaelekeza masikio yote Kongo.

Sasa njoo kwenye uamuzi ninaoupenda kuliko wote katika kazi hii. Ungedhani bendera ya kusikilizia India ielekezwe nyuzi 47. Hapana. Ukifanya hivyo ukiziwi utatazama nyuzi 227, kusini magharibi, ambako hakuna kelele ya maana, na Ziwa Victoria litakuwa limepungua desibeli 8 tu. Ielekeze nyuzi 100, karibu na mashariki kamili. India itakuwa pembeni kwa nyuzi 53, na kwa hesabu ya umbo la antena hii utapoteza chini ya desibeli 2, ambazo sikio halizioni. Ukiziwi sasa unatazama nyuzi 280, karibu na Kabare, na ziwa liko nyuzi 24 tu kutoka hapo, limeshuka zaidi ya desibeli 20 kwenye karatasi. Angani hutapata zote, kwa sababu nilizozitaja, lakini tofauti inasikika wazi usiku wa Novemba. Antena ya namna hii haielekezwi kwenye stesheni. Inageuzwa mgongo kwa radi.

Resista iwe ya kuzungusha, ya kaboni, angalau wakati wa kujenga. Usiku wenye ngurumo magharibi, mtu mmoja azungushe taratibu na mwingine asikilize mpaka mkwaruzo uwe mdogo kabisa. Kisha pima omu na ufunge resista ya kudumu. Isiwe ya waya uliosokotwa. Bendera hutoa mawimbi madogo mno, hasa chini ya 900, kwa hiyo huenda ikashindwa lile jaribio la kuchomoa waya. Hapa ndipo amplifaya ya desibeli 20 ina haki yake.

Shambani: Beverage

Mwenye shamba ana bahati. Harold Beverage, Mmarekani, alipata hataza ya antena yake mwaka 1921: waya mrefu sana, uliolala chini karibu na ardhi, ukielekea stesheni. Desemba ya mwaka huohuo Paul Godley alitumwa Ardrossan, Scotland, akakaa kwenye hema na kunyoosha waya wa aina hiyo wenye mita 400 hivi, akawasikia watu binafsi wa Marekani waliokuwa wakirusha mawimbi kuvuka Atlantiki. Ujumbe wa stesheni 1BCG ya Connecticut ulikuwa kwenye wimbi la mita 230, yaani karibu na kilohezi 1300, ndani kabisa ya masafa tunayoyazungumzia. Zaidi ya miaka mia imepita na bado sijaona inayoshinda antena hii kwa masafa ya kati pale ambapo nafasi ipo.

Urefu unaofaa ni kama wimbi moja: mita 300 kwa kilohezi 1000. Mita 200 ni mwanzo mzuri. Kimo mita 2 mpaka 3, ili ng'ombe na mikokoteni vipite. Kwa shemeji yangu Kigombe waya umefuata njia ya shamba la mkonge inayoelekea kaskazini mashariki, juu ya miti ya mkonge yenyewe, na unapita kati ya Oman na India kwa nyuzi 42. Mwisho wa mbali, upande wa stesheni, waya unashuka kupitia resista ya omu 470 mpaka ardhini. Mwisho wa karibu kuna transfoma ya moja kwa tisa (uwiano wa omu, si wa mizunguko) na fimbo ya ardhini. Angalia, hapa resista iko upande wa stesheni, kinyume cha bendera.

Antena hii inapenda ardhi mbaya. Inafanya kazi kwa sababu ardhi isiyopitisha umeme vizuri huinamisha wimbi likipita. Mchanga mkavu na mawe ya matumbawe ni vizuri sana. Pembezoni mwa mikoko, ambako maji ya chumvi yamelowesha udongo, itakupa nusu tu ya ahadi zake. Sogea juu nchi kavu. Ukishindwa kupigilia fimbo kwenye mawe, tandaza nyaya nne za mita kumi juu ya ardhi badala yake. Usitumie shaba. Waya wa mabati wa uzio unatosha kabisa, kwa kuwa upotevu mdogo haudhuru antena ya kupokea, na hautaibiwa.

Kwa bendera na Beverage, radi ikisikika kwa masikio yako, chomoa waya kwenye redio na uutupe nje ya dirisha. Usisubiri mvua ianze.

Waya wa kuteremsha

Antena njema huharibiwa hapa kuliko mahali pengine popote. Waya wa dishi, ule wa omu 75, unafaa na unapatikana kila duka. Lakini ganda lake la nje linabeba kelele za nyumba mpaka kwenye antena, kisha zinarudi ndani kama mawimbi halali. Dawa ni mbili. Transfoma ya antena iwe na nyuzi mbili zisizogusana: kwa moja kwa tisa, mizunguko miwili upande wa redio na sita upande wa antena, kwenye feraiti yenye matundu mawili ya aina 73. Na waya wa dishi wenyewe uzungushe mara kumi au zaidi kwenye pete kubwa ya feraiti ya aina 31 au 75, karibu na antena, na pete nyingine kabla haujaingia nyumbani. Ardhi ya antena isiungwe na ardhi ya umeme wa nyumba.

Utajuaje kama waya ni msafi? Ondoa antena, weka resista ya omu 75 mahali pake, sikiliza. Pawe kimya kama redio isiyo na antena. Ukisikia chaja ya mwanao, ongeza pete.

Kulinganisha

Usilinganishe antena mbili kwa usiku mbili tofauti. Masafa ya kati hubadilika kila saa. Ziunge zote kwenye swichi moja, tafuta stesheni dhaifu ambayo maneno yake yanasikika nusunusu, na ubadilishe kila sekunde kumi kwa muda wa dakika tano au zaidi, maana stesheni hupanda na kushuka na antena moja inaweza kupendelewa kwa dakika nzima bila haki. Rekebisha sauti kila mara ili mkwaruzo uwe sawa kwenye zote mbili. Sindano ya nguvu usiiangalie kabisa. Mara nyingi inayoonyesha kidogo ndiyo inayokupa maneno. Hesabu maneno uliyoyashika. Kama hujui Kiurdu wala Kiarabu, shika majina ya miji na tarakimu.

Fanya hivyo mara moja Julai, radi zinapopungua, na mara nyingine Aprili wakati wa masika. Bendera iliyoshinda Julai ikishindwa Aprili, igeuze nyuzi kumi kuelekea kaskazini, kisha kumi kuelekea kusini, na usikilize upya jioni ileile.